Sura ya Tano: Darini au Mlangoni

Kamera iliyo mezani ninapoandika sura hii haina swichi ya kuzimia. Ni Pentax K1000, nzito kama jiwe la kusagia pilipili, na mkanda wake wa shingoni umeshakatika mara mbili nikaufunga kwa kamba ya kiatu. Ukichungulia ndani, upande wa kulia utaona sindano nyembamba kama mguu wa mbu. Mwanga ukizidi inapanda, ukipungua inashuka. Unazungusha pete ya lenzi mpaka sindano ikae katikati, kisha unafyatua. Ukimaliza, unaziba lenzi kwa kifuniko ili sindano ilale na betri isiishe bure. Hata betri ikiisha, kamera haijali, itaendelea kupiga, maana betri ni ya sindano peke yake.

Iliingia sokoni mwaka 1976. Kampuni ya Asahi Kogaku ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilichukua kamera yake iitwayo KM ikaivua kila pambo lisilo la lazima. Hata kile kijisaa cha kumpa mpiga picha nafasi ya kukimbia akajipange na wenzake kiliondolewa. Spidi yake ya juu ilikuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na jina likatokana na hapo. Bei ikashuka. Walimu wa upigaji picha nchini Marekani wakawa wanawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waje nayo darasani. Utengenezaji ukahama kutoka Japani kwenda Hong Kong, kisha China, na baada ya muda chuma kilipungua na plastiki ikaongezeka. Ilipositishwa mwaka 1997 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni tatu. Miaka 21, kamera ile ile.

Kwa hiyo mtu akinisikia nikidai kwamba kampuni ndogo ya kamera haina riziki kwenye kamera za bei rahisi, ana haki ya kunionyesha K1000 yangu mwenyewe akaniuliza: na hii je?

Jibu langu ni kwamba K1000 haikuwa kamera rahisi, ilikuwa kamera kuukuu. Umbo lake na sehemu kubwa ya mashine yake vilitokana na ukoo wa Spotmatic ya mwaka 1964. Kalibu zilikwishachongwa, mafundi walikwishazijua kwa vidole, na gharama ya kuibuni ilikwisharudi na faida juu yake. Asahi hawakutengeneza kamera ya watu wa chini. Waliendelea kuuza waliyokuwa nayo baada ya kumaliza kuilipia. Na wakati ule hawakuwa wadogo: jina la kamera zao, Pentax, lilikuwa kubwa miongoni mwa kamera za kioo, zile ambazo unachungulia kupitia lenzi yenyewe.

Kisha zikaja kamera za dijitali, na hesabu ikapinduka.

Tuseme kuunda kamera moja mpya ya dijitali, yaani wahandisi, programu, kalibu na majaribio, kunagharimu yeni bilioni 3. Nimeitunga namba hii kwa ajili ya mfano, lakini mgawanyo wake ndio unaoumiza. Mkubwa akiuza kamera milioni moja, kila kamera imebeba yeni 3,000 za gharama hiyo. Mdogo akiuza laki moja, kila kamera imebeba yeni 30,000. Kama dukani inauzwa yeni 60,000, nusu ya bei imeshaliwa kabla hajanunua hata skrubu. Wala hana miaka 21 ya kurudisha fedha. Baada ya miaka miwili mkubwa ametoa toleo jipya, na kamera ya mdogo inakaa kwenye kabati la kioo ikishushwa bei kila mwisho wa mwezi.

Juu ya hayo, kiini cha kamera ya dijitali ni sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, na makampuni machache sana yanatengeneza sensa nzuri. Pentax ilinunua nyingi za kwake kutoka Sony. Sony nao wanauza kamera. Ni kama kununua unga kwa jirani ambaye naye anakaanga maandazi pale pale kituoni.

Lakini gharama si kisa chote. Niliwahi kumshawishi kijana mmoja wa Ilala anayepiga picha za harusi anunue Pentax. Nilimweleza kwamba kwa bei ile ile angepata mwili usioingia maji na kioo kizuri zaidi cha kuchungulia, na kwamba lenzi za zamani, hata za miaka ya sabini, zingeingia bila taabu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema: “Sawa mzee wangu. Lakini nikikwama ukumbini saa tatu usiku naazima lenzi kwa mwenzangu. Hiyo yako nitaazima kwa nani?” Akanunua Canon. Sikuwa na la kumjibu, na naamini hata mkurugenzi wa Pentax angekosa. Mnunuzi wa kamera ya kwanza hanunui kamera peke yake. Ananunua fundi wa mtaani anayeijua, chaja inayopatikana Kariakoo, na rafiki wa kumwazima flashi. Vitu hivyo vyote hufuata aliye na wingi.

Canon alilijua hilo mapema. Mwaka 2003 alitoa EOS 300D, iliyoitwa Digital Rebel huko Marekani, kamera ya kioo ya dijitali ya kwanza kujulikana sana kwa kushuka chini ya dola 1,000. Kuanzia hapo mlangoni, yaani kwenye kamera za wanaoanza, pakawa na msongamano. Pentax waliingia na mfululizo wa kamera ndogo, nyingine nzuri kweli kweli. Mwaka 2009 wakatoa K-x, ambayo Wajapani waliweza kuiagiza kwa michanganyiko mia ya rangi: mwili wa kijani na mshikio wa waridi, ukitaka. Nakiri nilizipenda rangi zile, na nakiri pia kwamba sikununua. Mwaka 2012 walimpa mbunifu maarufu Marc Newson kazi ya kuchora K-01, ikatoka ya njano kama tofali la kuchezea la mtoto, na haikudumu sokoni. Rangi ilikuwa ni njia ya kusema “tazama hapa” katika umati. Lakini huo ni ujanja ambao mkubwa anaweza kuuiga kwa ndoo moja ya rangi.

Wakati huohuo simu zilikuwa zinakuja. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 duniani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Waliokuwa mlangoni ndio waliozolewa kwanza, kwa sababu aliyetaka picha ya kawaida kwa bei ya kawaida alikuwa nayo tayari mfukoni. Konica Minolta walikwishaondoka mwaka 2006 na kumwachia Sony kamera zao za kioo. Samsung waliingia, wakatumia fedha nyingi, wakatoka kimyakimya. Olympus waliuza idara nzima ya kamera, biashara ikakamilika siku ya kwanza ya mwaka 2021. Pentax yenyewe ilimezwa na Hoya, watengenezaji wa vioo, mwaka 2008, kisha mwaka 2011 ikauzwa kwa Ricoh, watu wa mashine za kutolea nakala.

Hapo washauri wa biashara husema kwa sauti moja: panda juu, darini. Uza chache kwa bei kubwa. Ushauri wenyewe ni mzuri, ila wengi waliousikia walidhani kupanda juu ni kupandisha bei.

Sigma ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu ni kampuni ya familia na naiheshimu. Michihiro Yamaki aliianzisha mwaka 1961, na mpaka leo lenzi zake zinatengenezwa Aizu, mkoa wa Fukushima, mbali na vibarua wa bei nafuu wa nchi nyingine. Sigma walikuwa na kitu ambacho wakubwa hawakuwa nacho: sensa ya Foveon. Sensa za wengine huweka vichujio vidogo vya rangi kama vigae vya sakafuni, kila nukta ikapokea rangi moja, kisha kompyuta ikakisia zilizobaki. Foveon ilipanga tabaka tatu, moja juu ya nyingine, ikitegemea ukweli kwamba kila rangi ya mwanga hupenya silikoni kwa kina chake. Picha yake katika mwanga mzuri ina ukali ambao ukiuzoea unakuharibia macho kwa kamera nyingine. Katika mwanga hafifu, ni chenga tupu. Hata kuandika picha moja kwenye kadi kulichukua muda wa mtu kujikuna na kusahau alichokuwa anapiga.

Mwaka 2011 walitangaza SD1 kwa bei ya orodha ya dola 9,700, na madukani ikauzwa karibu dola 6,900. Watu wakashika vichwa. Kwa fedha zile mpiga picha angechukua kamera ya juu kabisa ya Canon au Nikon, yenye kukimbia na kuona gizani, na mafundi wa kuitengeneza miji yote mikubwa. Miezi michache baadaye, Februari 2012, Sigma wakaitoa upya kwa jina la SD1 Merrill, kumkumbuka Dick Merrill, mmoja wa waliobuni sensa ile. Kamera ilikuwa ile ile. Bei: karibu dola 2,300. Walieleza kwamba bei ya mwanzo ilitokana na gharama ya kutengeneza sensa, nao sasa wamepata njia nafuu. Wachache waliokwishanunua kwa bei ya kwanza walipewa pointi za kununulia bidhaa nyingine za Sigma. Ungwana ulikuwepo, ila jiweke kwenye nafasi ya aliyelipa.

Kosa la Sigma halikuwa kupanda. Walipanga bei kwa kutazama gharama yao, hawakutazama maisha ya mnunuzi. Mpiga picha wa kulipwa hununua uhakika: kwamba kamera haitamwangusha wakati bibi harusi anaingia. Foveon ilitoa uzuri, uhakika ikauacha.

Lakini walijifunza hapo, wakanufaika. Mwishoni mwa mwaka huohuo Sigma walianza mfululizo wa lenzi walizoziita Art, ya kwanza ikiwa ya milimita 35. Zilikuwa nzito, kali, za bei ya chini kuliko zile za Canon na Nikon za daraja hilo, na ziliingia kwenye kamera za wakubwa wote wawili. Hapo hakuna aliyeuliza “nitaazima kwa nani.” Sigma walipanda darini kwa ngazi ya jirani.

Kuna kupanda kwingine kwa aibu. Hasselblad wa Sweden, ambao kamera zao zilikwenda mwezini na Apollo 11, mwaka 2012 walichukua Sony NEX-7, wakaivisha mshikio wa mbao na mapambo, wakaiita Lunar, wakatangaza bei ya kama yuro 5,000. Sony yenyewe ilipatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, na kila mpenda kamera alilijua hilo. Jina lililojengwa kwa miaka lilitaniwa dunia nzima. Miaka michache baadaye kampuni ikaangukia mikononi mwa DJI, Wachina wa ndege zisizo na rubani.

Leica hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba darini kuna hewa safi. Ni kweli, lakini watu husahau kwamba mwaka 2005 Leica walikuwa ukingoni mwa kufilisika, wakiuza kamera za bei kubwa vilevile. Bei haikuwaokoa. Aliyewaokoa ni Andreas Kaufmann, mrithi wa utajiri wa viwanda vya karatasi nchini Austria, aliyekuwa na subira na fedha. Kamera yao ya dijitali ya kwanza ya ukoo wa M, ile M8 ya mwaka 2006, ilikuja na kasoro ya kuchekesha: vitambaa vingine vyeusi vilionekana vya zambarau, kwa sababu sensa ilikuwa inaona mwanga ambao jicho halioni. Hebu fikiria suti nyeusi ya bwana harusi ikitoka rangi ya zambarau! Leica wakawapa wanunuzi vichujio viwili bure vya kuvalisha lenzi. Kampuni nyingine ingekufa. Wateja wa Leica walinung'unika, wakavaa vichujio, na mwaka 2009 wakapanga foleni kununua M9.

Kwa nini? Kwa sababu mwenye lenzi ya M ya mwaka 1954 aliweza kuifunga kwenye M8, na hakuna kamera nyingine ya dijitali iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili yake, isipokuwa ile ya Epson iliyotoka kwa uchache mwaka 2004. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na tazama Leica walivyoutendea mlango: kamera zao ndogo za bei nafuu zaidi kwa miaka mingi zimetengenezwa na Panasonic, wao wakaweka nembo. Msongamano ukabaki kwa Panasonic.

Pentax walikuwa na mali ya namna hiyo, lenzi milioni kadhaa zenye pete ya kufungia iitwayo K, iliyoanza mwaka 1975. Na walijua. Mwaka 2000 walionyesha kamera ya dijitali yenye sensa ya ukubwa kamili wa mkanda wa milimita 35, ikitumia sensa ya Philips. Mwaka uliofuata wakaifuta, ilikuwa ghali mno. Kyocera, kwa jina la Contax, wakathubutu kuitoa yao yenye sensa hiyohiyo mwaka 2002. Haikwenda, na mwaka 2005 Kyocera wakatangaza kuiacha Contax kabisa. Hivyo siwezi kuwalaumu Pentax kwa kuogopa. Ninachowalaumu ni urefu wa woga. Walipotoa K-1, kamera safi kabisa ya megapikseli 36 kwa dola 1,800, ilikuwa mwaka 2016. Kwa miaka hiyo yote walikuwa wakipaka rangi mlangoni huku wenye lenzi zao wakiziuza moja moja na kuhamia kwa Nikon.

Mara moja walithubutu kwa wakati. Mwaka 2010 walitoa 645D, kamera ya sensa kubwa kupita milimita 35, kwa kama dola 10,000 wakati ambapo vifaa vya daraja hilo vingi viliuzwa bei ya gari. Wapiga picha wa mandhari waliipenda. Ikafuata 645Z mwaka 2014. Kisha Fujifilm wakaingia mwaka 2017 na GFX yao ndogo zaidi kwa dola 6,500, wakaendelea kumwaga lenzi mpya mfululizo, na Pentax hawakujibu. Darini nako unalipa kodi, na kodi yake ni lenzi.

Basi nikilazimishwa kuchagua, nachagua juu. Mlangoni mdogo anashindwa na hesabu hata akifanya kila kitu sawasawa. Darini anashindwa kwa makosa yake, na makosa yanarekebishika. Lakini kwa “juu” simaanishi bei. Namaanisha mahali ambapo mkubwa haoni faida ya kukufuata. Ricoh wana kamera iitwayo GR, ukoo wa tangu 1996: lenzi moja isiyobadilika, haina zumu, haina kioo cha kuchungulia, inaingia mfuko wa shati. Daido Moriyama, mpiga picha mkubwa wa mitaa ya Tokyo, amezitumia kwa miaka. Si ya wanaoanza, si ya mabingwa wa viwanja vya mpira. Ni ya mtu anayetembea kwa miguu. Mwaka 2023 Pentax wakatoa K-3 isiyoweza kupiga picha ya rangi kabisa, nyeusi na nyeupe tu. Jaribu kuipeleka hoja hiyo kwenye kikao cha mauzo cha Canon.

Na hata mlango unaweza kufunguka, ukiwa mlango mwingine. Desemba 2022 Pentax walitangaza kwamba wanataka kuunda tena kamera ya mkanda. Mbunifu wake, Takeo Suzuki, na wenzake walikuta kwamba ujuzi wa ule mkono wa kuvutia mkanda ulikuwa umeondoka na wazee waliostaafu, wakawaendea kuuliza. Kamera ikatoka Juni 2024 kwa jina la Pentax 17, karibu dola 500. Haina hata kulenga kwa uhakika: unakadiria umbali kwa kuchagua kipicha kidogo, mtu mmoja, kundi, au mlima. Hugawa fremu nusu kwa nusu, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa 72, nayo ikishikwa kawaida picha inasimama wima kama ya simu. Ilikusudiwa hasa vijana ambao hawajawahi kushika mkanda.

Hii ni kamera ya wanaoanza, tena ya plastiki nyingi kuliko K1000 yangu. Mpaka naandika sura hii, si Canon, si Nikon, si Sony aliyetoa ya kushindana nayo.